Siku Tatu Nilizokosa Dirishani

Kadi yenyewe ni ngumu kidogo, imechorwa visanduku vya siku za mwezi, na kila kisanduku kinasubiri muhuri. Kama na wewe umepewa ya namna hiyo, au mtu wako amepewa, na hasa kama imetoka mkononi mwa polisi, basi ninakuandikia wewe. Sina mawaidha mengi. Sikupona kwa siku moja, na sina hamu ya kusimama mbele ya watu kutoa ushuhuda. Jalada langu lilifungwa mwaka juzi, dawa bado nakunywa, kidogo kidogo inapunguzwa, na nimechoka. Nataka tu usirudie kosa nililofanya mimi, kwa sababu nilipolifanya nilidhani ninatenda jema.

Naitwa Mwajuma. Nyumbani kwetu ni Utemini, hapa Singida mjini. Baba yangu, Mzee Shabani, ana duka la nafaka na mafuta ya alizeti. Ukoo wake ulitokea Pangani enzi za babu. Mama ni Mnyaturu wa huku huku. Niliolewa na dereva wa malori yanayopita hapa kwenda Rwanda, na yeye ndiye aliyenionjesha unga. Simtupii lawama zote, maana pua ilikuwa yangu. Aliponiacha nilirudi kwa wazazi na mabegi mawili na ugonjwa ambao hakuna mtu nyumbani aliyeuita ugonjwa. Kwao nilikuwa nimeharibikiwa, na aliyeharibikiwa huwa hapelekwi hospitali.

Nilikamatwa wakati wa mavuno ya alizeti, uani kwa gesti moja karibu na wanapolala madereva. Kete mbili nilikuwa nimezifunga kwenye pindo la khanga, fundo lile lile ambalo mama alinifundisha kufungia hela ya sokoni. Askari aliyelifungua alikuwa mwanamke, Afande Joyce, Mnyiramba wa Kiomboi, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Alilifungua taratibu bila kuichana khanga, akaziangalia zile kete, akaniangalia mimi. Sikumwomba kitu. Nilikuwa nimeshachoka hata kuomba.

Kufikia asubuhi, mahabusu, arosto ya kukosa unga ilikuwa imenishika. Kwanza ni miayo, moja juu ya nyingine, mpaka taya linauma. Halafu macho na pua vinamwaga maji, mifupa ya miguu inawaka kwa ndani, tumbo linageuka. Nilichafua nguo mbele ya wanawake wanne nisiowajua. Mmoja wao, aliyekamatwa kwa kupika gongo, alinivua khanga yangu akanifunga yake iliyo safi. Jina lake sikulipata, lakini khanga ile ninayo mpaka leo.

Afande Joyce aliponiona hali ile alinitoa, akaniketisha kwenye benchi la nje kwenye jua, akanieleza. Mkuu wa kituo alikuwa amekubaliana na hospitali kwamba anayekamatwa mara ya kwanza na kiasi cha kutumia mwenyewe, akitaka, apelekwe kwenye tiba badala ya mahakamani. Jalada linabaki kituoni mwaka mzima. Mgonjwa anakwenda kunywa dawa ya kutuliza arosto kila siku, kila siku kabisa, Jumapili na sikukuu pia, na kila Jumatatu anapeleka kadi kituoni ikaguliwe. Akikosa bila sababu, jalada linakwenda mahakamani kama vile hakukuwa na makubaliano yoyote. Na lazima awepo mdhamini, mtu mwenye makazi yanayojulikana.

Mdhamini nani kama si baba. Alikuja na kanzu yake ya kwenda msikitini, akasaini pale alipooneshwa. Mimi nilikuwa natetemeka hatua tatu kutoka kwake. Afande Joyce alimwambia kwa adabu, "Mzee, huyu ni mgonjwa. Tumsaidie."

Baba akarudisha kalamu. "Malaria ni ugonjwa," alisema. "Huu ni uhuni." Kisha akaondoka, nikamfuata kwa nyuma, na njia nzima hakugeuka kuangalia kama bado nipo.

Basi nikaanza kwenda dirishani. Kliniki yenyewe ilikuwa jengo dogo nyuma ya wodi, lina benchi mbili za mbao na dirisha lenye nondo. Linafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa sita mchana. Miezi ile ya kipupwe upepo wa Singida unakata masikio, na sisi tulikaa tumebanana tukiwa tumejifunika vitenge na makoti ya mitumba. Wengi walikuwa wanaume. Kulikuwa na fundi redio mmoja aliyesinzia na kuniangukia begani kila siku, nami nikamwacha, maana mwaka mzima, ukiacha yule mwanamke wa mahabusu, hakuna mtu mwingine aliyekuwa amenigusa. Hatukuzungumza mengi. Ukikaa kwenye benchi lile utajifunza kwamba watu waliochoka hawaulizani habari za zamani.

Muuguzi wa dirishani alikuwa Sista Agnes. Anapima dawa kwenye kikombe cha plastiki, anaongeza maji, unakunywa akikutazama, unarudisha kikombe. Halafu anakuuliza jina lako na jina la baba yako, na lazima ujibu kwa sauti, ili ajue umemeza na hujaificha mdomoni ukaiuze nje. "Mwajuma Shabani," nilijibu kila asubuhi. Jina la kwanza lilitoka vizuri. La pili nililisema upesi upesi, nikiona kama nimelichukua bila ruhusa ya mwenyewe.

Mwili ulibadilika, na afadhali nikuambie mapema usije ukashtuka. Nilitoka jasho la usiku na la mchana. Choo kilikuwa kigumu mpaka nikalia. Nilipenda sukari kama nyuki, nikanenepa usoni kwanza, halafu tumboni, na majirani wakanong'ona kwamba nina mimba. Ningekuwa na mimba ya nani, na siku zangu zilikuwa zimekatika miaka miwili na zaidi? Unga ulizikausha. Nilijihesabu mwanamke mzee mwenye miaka thelathini na mbili. Lakini miezi miwili hivi baada ya kuanza, niliamka asubuhi moja nikasikia njaa ya kawaida, njaa ya mtu anayetaka chai na kiporo, nikakaa kitandani nikalia kwa furaha.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Mama alitembea na funguo zote za nyumba shingoni, na alipoinama kufagia zilimgonga kidevuni. Simu zao walilala nazo chini ya mito. Chakula changu nilikula jikoni, na kikombe changu kilifungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake kisichanganywe na vya wengine. Sikuwa na ugonjwa wa kuambukiza kwa kikombe, na mama alilijua hilo. Alisema ni kwa muda tu. Kila asubuhi nilimwamkia baba shikamoo, naye aliitikia marahaba, kwa sababu kuitikia ni lazima, lakini aliitikia akiangalia ukuta.

Siwalaumu. Nilikuwa nimewaibia sana, na mengine hata hawayajui. Lakini naomba nyinyi mnaoishi na mtu wa aina yangu mjue kwamba ukuta ule ulinichosha kuliko arosto. Arosto ina mwisho wake.

Kipupwe kikapita, likaja jua la Oktoba la kuchoma nyayo, kisha mvua za Desemba, watu wakaingia mashambani. Barabara ya kutoka kwetu kwenda hospitali ikageuka tope jekundu. Nilikuwa na jozi moja tu ya raba. Nilirudi nazo zimelowa, nikaziweka karibu na jiko zikauke, kesho yake nikazilowesha tena. Kadi zilijaa mihuri, nikamaliza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila Jumatatu Afande Joyce alizikagua, akaniuliza nimelalaje, nikaenda zangu. Huruma yake ilikuwa ya namna ya kipolisi, ina daftari na saini, na sitakudanganya kwamba niliipenda.

Ramadhani iliangukia katikati ya mvua. Siku ile mwezi ulipotangazwa kwamba umeonekana, baba alikuwa barazani na mama, mimi nikiwa ndani nakunja nguo. Alisema kwa sauti ya kunifikia, lakini bila kunitaja, "Kuanzia kesho mkeka ni mmoja. Anayefunga atafuturu na wenzake."

Sikulala nikiufikiria mkeka ule. Miezi minane nilikuwa nakula na masufuria. Sasa nilikuwa nimefunguliwa mlango, na sharti lake lilikuwa funga tu, jambo nililolifanya tangu nina miaka tisa. Tatizo ni dirisha. Dawa inanyweka asubuhi hadi saa sita mchana, na kunywa ni kunywa. Hakuna funga hapo. Nimesikia kwamba miji mingine kliniki hufungua dirisha jioni mwezi wa Ramadhani. Kwetu halikufunguliwa jioni, na mimi sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu, na ndiyo sababu nimekaa kuandika. Sikumuuliza Sista Agnes, sikumuuliza Afande, sikumuuliza ustadhi. Niliona haya kuuliza kama mimi nahesabiwa mgonjwa, nikihofia nitajibiwa kwamba sihesabiwi.

Siku ya kwanza haikuwa na shida, dawa ya jana yake ilikuwa bado mwilini. Jioni mama alitandika mkeka: uji wa pilipili manga, viazi vitamu vya nazi, maharage, na tende ambazo baba alizificha dukani kwa ajili ya mwezi huo. Nilikaa pembeni. Adhana ilipolia, baba alichukua tende, akampa mama moja, akanyoosha mkono tena akanipa na mimi. Vidole vyetu vikagusana kidogo. Sikuthubutu kumtazama. Ile tende niliizungusha mdomoni mpaka kokwa ikabaki tupu.

Siku ya pili miayo ilianza mchana. Mama akasema ni saumu tu, nitazoea. Siku ya tatu nilikuwa natetemeka chini ya blanketi huku mvua ikipiga bati, nikajidanganya kwamba ni homa. Jioni nilijikokota mkekani, nikala, nikaenda uani nikatapika, nikarudi nikakaa. Baba alisema, akimwambia mama, kwamba saumu ya mwaka huu ina joto ingawa mvua ipo. Nilikuwa mgonjwa kuliko siku ile ya mahabusu na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata kwa miaka. Vyote viwili vilikuwa ndani ya mwili mmoja, nami nilikuwa tayari kuvumilia hata wiki nzima ilimradi nisirudishwe jikoni. Kule nilikokuwa nakwenda wiki hiyo ikiisha nilikujua vizuri sana. Uani kwa ile gesti kulikuwa na mtu ambaye hangeniuliza kadi.

Alfajiri ya siku ya nne, Jumapili, kabla ya daku, nikaona damu.

Nilidhani ni jambo baya. Nilisimama bafuni na taa ya simu ya mama, niliyomwomba kwa dakika tatu, nikaangalia mara mbili, ndipo nikaelewa. Zilikuwa ni siku zangu, baada ya miaka miwili na zaidi. Mwili uliokuwa unaniadhibu ulikuwa umenirudishia kitu chake bila kunishauri. Nilimwita mama kwa sauti ndogo, nikamwambia nahitaji vitambaa.

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Alitoa neno la kumshukuru Mungu kwa Kinyaturu, lugha ambayo huisema akizidiwa tu, akanifuta jasho usoni kwa upande wa khanga yake. Kisha akarudi kwenye Kiswahili.

"Basi leo huna saumu. Nenda kanywe dawa yako."

Nikamwambia nimekunywa siku zote. Nilikuwa bado nadanganya kwa mazoea.

"Mwajuma," alisema, "siku tatu zote mvua inanyesha na viatu vyako vikavu."

Alijua tangu siku ya kwanza. Hakusema kwa sababu na yeye aliutaka ule mkeka mmoja kama mimi. Tulilia pamoja kidogo, tukanyamaza, maana baba alikuwa anakohoa chumba cha pili. Aliivua ile kamba ya funguo shingoni, akafungua kabati, akanipa vitambaa na khanga nyeusi.

Sista Agnes hakunigombeza. Aliangalia visanduku vitatu vitupu, akamwita daktari, wakanipima. Dozi ya zamani isingefaa tena, ningeweza hata kufa kwa kuinywa ghafla. Ilibidi nianze na kidogo na kupanda upya. Miezi minane ikarudi nyuma kwa siku tatu. Nilipokunywa na kuulizwa jina, nilisema Mwajuma, nikakwama.

"Na la baba?" aliuliza Sista Agnes. Ilibidi anisubiri.

Jumatatu Afande Joyce alizitazama zile nafasi muda mrefu kuliko kawaida. Alisema hawezi kuzijaza yeye na hawezi kuzipita. Akamtuma mtu dukani kumwita mdhamini wangu.

Baba alikuja amefunga, midomo imemkauka. Aliketi kwenye kiti alichopewa, mimi nikabaki nimesimama. Afande Joyce alimwamkia, akamweleza siku tatu zile, akaweka mezani karatasi ambayo ingekwenda kwa mkuu wa kituo. Sehemu moja ilikuwa imeandikwa sababu, na mbele yake wazi.

"Mzee, mimi dini yenu siijui sana," alisema. "Naomba kuuliza tu. Kwenu mgonjwa anafunga?"

"Hafungi," baba alijibu.

"Hata akitaka?"

"Akiambiwa na daktari kwamba itamdhuru, hafungi. Si ruhusa yake kujidhuru."

"Sasa hapa kwenye sababu niandike nini? Niandike amekaidi?"

Nilitaka kusema ni mimi. Ndivyo ilivyokuwa, ni mimi niliyeamua. Lakini baba alikuwa anaitazama ile karatasi kama anavyotazama alizeti zenye ukungu, akizigeuza kichwani. Aliniangalia. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi kwao. Sijui aliona nini. Nilikuwa nimevimba macho, pua inachuruzika, khanga nyeusi imelowa mpaka magotini.

"Andika kosa ni la mwenye nyumba," alisema. "Niliweka sharti bila kuuliza."

Afande Joyce akaandika hivyo hivyo. Karatasi ikaenda kwa mkuu wa kituo, na tukakaa siku nne bila kujua. Siku hizo nilikunywa dozi yangu ndogo, nikalala na mifupa inayowaka, na sikukaa mkekani kwa sababu sikuwa na funga. Nilirudi jikoni kwenye kikombe cha uzi mwekundu. Baba alitoka kuswali akachelewa kurudi, siku mbili mfululizo, na mama akaniambia yuko msikitini na ustadhi. Ustadhi alimuuliza tiba hii inachukua muda gani, naye ikabidi aende mwenyewe mpaka dirishani kumuuliza daktari. Sista Agnes ndiye aliyenisimulia. Alisema mzee mwenye kanzu alikaa kwenye benchi letu karibu saa nzima kusubiri zamu yake, na fundi redio akamsinzilia begani.

Ijumaa Afande Joyce alipita dukani. Mkuu alikuwa ameamua jalada libaki pale lilipo, nipewe nafasi hiyo moja, nyingine hakuna. Baba alishukuru, akafunga duka mapema.

Mama alipokuwa anakoroga uji, baba aliingia jikoni, mahali ambapo huwa haingii. Alikuwa amebeba bakuli la enameli lenye mchele, amelifunika kwa kitambaa cheupe. Kwetu tunaijua fidia. Bibi, mama yake baba, alipopatwa na kisukari, kila siku ya Ramadhani ambayo hakufunga kilipimwa kibaba cha mchele kikapelekwa kwa mtu asiyejiweza. Inatolewa kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake ni wa muda mrefu. Haitolewi kwa mhuni.

Baba aliliweka bakuli kwenye kigoda mbele yangu. Alikiona kikombe changu, akakichukua, akaukata ule uzi kwa meno, akakirudisha.

"Peleka kwa Mama Sakina," alisema. Mama Sakina ni mjane wa nyumba ya pili kutoka kwetu. "Mwambie ni fidia, na kesho italetwa nyingine."

Nikainuka, nikalishika bakuli kwa mikono miwili. Nilijua Mama Sakina atauliza, maana ni mtu wa kuuliza.

"Nimwambie ya nani, baba?"

"Mwambie ya mgonjwa wangu."

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Nikavaa viatu, nikaenda.